Taarabu ya Juma Bhalo: Mahadhi ya kuazima, maneno ya Mvita

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alikuja kunitembelea hapa Mumbuni. Ni mtoto wa dada yangu, anasomea muziki chuoni Nairobi, na kila ajapo huja na kispika chake kidogo kisicho na waya. Tulikuwa tumeketi nje baada ya chakula cha mchana alipofungulia muziki ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Palikuwa na banjo ya Wamarekani, tabla za Kihindi, filimbi ya mwanzi na besi kubwa la kusuguliwa kwa upinde, vyote vikienda pamoja bila kukanyagana.

"Mjomba, sikia hii," akaniambia. "Hapa umepata Uhindi Kaskazini na muziki wa kienyeji wa Marekani kwa sufuria moja. Hii kitu haijawahi kufanywa."

Nikamuuliza ni akina nani. Akanitajia Béla Fleck mpiga banjo, Edgar Meyer wa besi, Rakesh Chaurasia wa filimbi na marehemu Zakir Hussain, bingwa wa tabla aliyefariki Desemba 2024. Albamu yenyewe inaitwa As We Speak, ilitoka mwaka 2023 na mwaka uliofuata ikatuzwa Grammy. Nilikiri kwamba ni muziki mzuri. Kisha nikaingia ndani nikatoka na redio yangu ya kaseti, ambayo mlango wake siku hizi hufungwa kwa mpira, nikamwekea Juma Bhalo.

Kijana alisikiliza kama dakika mbili, akacheka. "Lakini Mjomba, hii si ni wimbo wa filamu ya Kihindi? Huyu amekopi tu, halafu akaweka Kiswahili juu."

Sikumjibu upesi, maana maneno yale yaliwahi kuwa yangu.

Zaidi ya miaka 25 iliyopita, nikiwa mhadhiri mwenye shahada mpya ya uzamifu na kiburi kilicholingana nayo, mwanafunzi mmoja kutoka Pwani aliniletea pendekezo la tasnifu ya uzamili. Alitaka kuchunguza ushairi katika nyimbo za Juma Bhalo. Nilimrudishia karatasi zake nikiwa nimeandika pambizoni kwa wino mwekundu: "Huu ni muziki wa kuiga. Tafuta jambo la Kiswahili." Hakubishana nami. Alibadilisha mada, akaandika juu ya riwaya, akafaulu, akaenda zake. Hakuna aliyelalamika, na pengine ndiyo maana ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba nilikuwa nimekosea. Katika safu hii nimezoea kuwakosoa wengine. Leo, msomaji mpendwa, niruhusu nijikosoe mwenyewe.

Tuanze na neno. Taarabu limetokana na Kiarabu, na asili yake ni ile hali ya mtu kutekwa na muziki hadi asijizuie. Chombo hakitajwi katika maana hiyo, wala nchi, wala mahadhi. Linalotajwa ni kinachompata msikilizaji. Nadhani ndiyo sababu neno hili lilipofika kwetu liliweza kubeba mambo mengi: udi na kanuni za Uarabuni, fidla za Misri, ngoma za chakacha za Waswahili wenyewe, na hatimaye nyimbo za filamu za Bombay.

Uhusiano wa Kiswahili na Bombay haukuanza na sinema. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwa meli kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Maisha ya mwanamke huyo ndiyo aliyoyaandikia Shaaban Robert kile kitabu chake mashuhuri, Wasifu wa Siti binti Saad. Kwa hiyo baadhi ya santuri za kwanza kabisa za Kiswahili zilirekodiwa Uhindini. Sauti ilikuwa yetu, mtambo ulikuwa wa kampuni ya Waingereza, na jiji lilikuwa la Wahindi.

Baadaye Unguja na Mombasa zilifuata njia mbili. Unguja iliigeukia zaidi Misri, na vikundi vikubwa vikajaza fidla, kanuni na udi. Mombasa ilikuwa na udi pia, lakini ilikuwa na kitu kingine: foleni za watu nje ya sinema kama Naaz na Regal, wakisubiri kuziona picha za Kihindi. Watu walitoka mle wakiwa na nyimbo vichwani. Hawakujua maana ya maneno, lakini mahadhi waliyajua tangu mwanzo hadi mwisho. Yaseen Mohamed alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuyatilia mahadhi hayo maneno ya Kiswahili. Maulidi Juma na kundi lake wakaifuata njia hiyo pamoja na nyimbo za harusi za Kimombasa. Lakini aliyeifanya njia ikawa barabara ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, ambaye mashabiki walimpachika jina la Profesa bila kuomba idhini ya seneti ya chuo chochote. Alifariki Aprili 2014, na hadi leo mtu akitaja "taarabu ya Kihindi" mjini Mombasa, jina la kwanza kutajwa ni lake.

Sasa turudi kwa hoja yangu ya zamani, ambayo pia ni hoja ya mpwa wangu: mahadhi si yake, kwa hiyo wimbo si wake. Kosa la kwanza la hoja hii ni kudhani kwamba mahadhi yenyewe yalikuwa ya Kihindi tupu.

Chukua filamu ya Madhumati ya mwaka 1958. Muziki wake ulitungwa na Salil Chowdhury. Mojawapo ya nyimbo zake zinazopendwa sana, ulioimbwa na Mukesh pamoja na Lata Mangeshkar, mahadhi yake yametoka katika wimbo wa kijadi wa Poland kuhusu msichana aliyekwenda msituni. Miaka mitatu baadaye, katika filamu ya Chhaya, mtunzi huyo huyo alijenga wimbo juu ya simfoni ya arubaini ya Mozart. Wala hakuficha. Alikuwa amekulia katika mashamba ya chai ya Assam akisikiliza santuri za Ulaya, na masikio yake hayakuwa na forodha. Wengi wa waliozipiga na kuzipangia ala nyimbo za filamu enzi hizo walikuwa Wagoa, waliojifunza fidla na noti katika shule za kanisa. Kwa hiyo kile kilichoteremka bandarini Mombasa kikiitwa "cha Kihindi" kilikuwa tayari ni muziki wa Uhindi Kaskazini uliochanganywa na wa Ulaya. Tuseme msanii wa Mombasa angeutungia Kiswahili wimbo ule wa Madhumati. Angekuwa amemwibia nani? Chowdhury, au wanakijiji wa Poland?

Mtazame pia mhimili wa kundi la taarabu ya aina hii, yaani kile kinanda kidogo kinachowekwa sakafuni au mezani, mkono mmoja ukivuta pumzi na mwingine ukibonyeza. Tunakiita hamoniamu. Msikilizaji wa Machakos akikiona husema mara moja, "Hicho ni cha Wahindi." Kumbe hataza yake ilitolewa Paris mwaka 1842 kwa Alexandre Debain. Wamisionari na wakoloni wakakipeleka Uhindini, na mwaka 1875 fundi wa Calcutta, Dwarkanath Ghose, akakigeuza ili kipigwe kwa mkono, mpigaji akiwa ameketi chini. Wahindi wenyewe walikigombania. Redio ya taifa ya India ilikipiga marufuku mwaka 1940, na marufuku hiyo haikuanza kulegezwa hadi mwaka 1971. Wakosoaji walisema ni chombo cha kigeni, na kwamba hakiwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine kama linavyoteleza koo la mwanadamu. Ile hukumu niliyoiandika mimi kwa wino mwekundu ilikuwa imekwisha kutolewa Delhi dhidi ya chombo hicho hicho, na wapigaji hawakuijali.

Na taishokoto je? Ukisikia taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1970, kwa mfano ya kundi la Zuhura Swaleh, utasikia nyuzi zinazolia kwa ukali, kama mtu anayezungumza haraka akiwa na la kusema. Hiyo ndiyo taishokoto. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, vibonyezo vyake vikifuata mfano wa mashine ya taipu. Ikapita Uhindini, ikapewa jina jingine, kisha ikafika Mombasa na jina lake la Kijapani lililokaribia kubaki zima. Bahari ya Hindi ndivyo inavyofanya kazi. Haina kawaida ya kuleta kitu kutoka kwa mwenyewe moja kwa moja.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemtetea Juma Bhalo kwa kusema tu kwamba kila mtu huiba. Huo ni utetezi dhaifu. Mimi ni mtu wa lugha, na swali linalonihusu ni hili: maneno yanafanya nini ndani ya mahadhi yaliyoazimwa? Hapa ndipo mwanafunzi wangu wa zamani alipokuwa ameona jambo ambalo sikuliona.

Ushairi wa Kiswahili una kipimo. Mshororo wa tarbia ya kawaida una mizani 16, nane kwa nane. Nitatunga mmoja papa hapa, usiotoka katika wimbo wowote, ili tuone: "Nimekaa barazani, nangoja wangu mwandani." Hesabu kwa vidole. Ni nane, kisha nane, na kina cha kati na cha mwisho ni "ni". Sasa, moja ya midundo mikuu ya nyimbo za filamu za Kihindi huitwa keherwa. Ina mapigo nane. Mwingine huitwa dadra, wenye mapigo sita. Nasi tuna nyimbo za mizani 12, sita kwa sita. Sisemi kwamba kila silabi lazima ikalie pigo moja, maana mwimbaji huvuta hapa na kukimbiza pale. Ninachosema ni kwamba malenga wa Mvita aliyeketi sinema akiusikiliza mdundo wa nane hakuwa ugenini. Nyumba ilikuwa ya mwingine, lakini vyumba vilitoshana na vyake.

Kuna jambo la ndani zaidi. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: baraZAni, mwaNDAni. Kina kinakaa katika silabi ya mwisho, ambayo haina mkazo. Huu ni mvutano wa kudumu katika ushairi wetu: sikio linataka mkazo, kanuni inataka kina. Nyimbo za filamu, kwa upande wao, hupenda kuuvuta mwisho wa mstari. Mwimbaji hodari wa Kiswahili huitumia tabia hiyo kumaliza ugomvi. Akianza kipande chake kwenye pigo la pili badala ya la kwanza, silabi ya nane, ndicho kina chenyewe, inaangukia pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Wapigaji tabla huliita sam, na ndilo pigo ambalo kila mkono hukutania. Mkazo wa kawaida umekwisha kupita kwenye silabi ya saba, na kina nacho kimepata nguvu ambayo usemaji wa kila siku haukipi. Hakuna kilichopotoshwa. Ndivyo ninavyozisikia nyimbo bora za Juma Bhalo, na ndiyo sababu msikilizaji anayajua maneno baada ya kuyasikia mara moja.

Tena kuna matamshi. Kimvita hutofautisha sauti ambazo Kiswahili sanifu kimezitupa. Kaa la moto na k'aa wa ufuoni si neno moja, la pili lina pumzi. Paa la nyumba na p'aa wa mwituni vivyo hivyo. Teka, kwa maana ya kuteka maji, na teka, kwa maana ya kucheka, hutofautiana kwa mahali ulimi unapogusa, kwenye ufizi au kwenye meno. Kihindi nacho hutenganisha sauti zenye pumzi na zisizo nayo, na t ya meno na t ya nyuma yake. Sidai kwamba lugha hizi ni ndugu, la hasha. Nadai tu kwamba koo lililolelewa Mji wa Kale lilikuwa na zana za kuzigusa noti zile mahali pake. Mimi, kwa masikio yangu ya Kikamba, nilikuwa mtu mzima kabla ya kuisikia tofauti ya kaa na k'aa. Niliisikia kwanza katika nyimbo, kutoka redioni, sio darasani.

Na maneno yenyewe yalikuwa ya nani? Sehemu kubwa ya mashairi aliyoimba Juma Bhalo yalitungwa na ndugu yake wa ukoo, Ahmad Nassir Juma Bhalo. Huyu ndiye mwenye Malenga wa Mvita, diwani iliyochapishwa na Oxford mwaka 1971 na ambayo vyuo vyetu vimeisoma kwa heshima kubwa. Tafakari kichekesho hiki, msomaji. Nilikuwa nikiifundisha diwani hiyo kila mwaka. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba hapa ndipo penye Kiswahili kilichokomaa. Kisha mwanafunzi akaja na mashairi ya mtu huyo huyo yakiwa yameimbwa, nami nikamwambia akatafute jambo la Kiswahili. Mhariri wa diwani, Shihabuddin Chiraghdin, mtetezi mkubwa wa Kiswahili cha Mvita, alikuwa mtu ambaye nasaba yake upande wa baba ilifika Bara Hindi. Laiti ningelisoma jina lake vizuri kwenye jalada, ningepunguza wino.

Je, kila wimbo wa aina hii ni mzuri? Hapana. Ziko nyimbo nyingi ambamo mtunzi amebanwa na mahadhi kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake. Mahadhi yana noti tisa, yeye ana silabi nane, basi anachomeka "ee". Yana noti kumi, anachomeka "wangu" asiye na kazi. Mstari unaishia juu, na neno linaishia chini, na mkazo unapotea njiani. Lipo pia suala la haki ambalo hatuwezi kulifunika kwa udugu wa Bahari ya Hindi. Katika kaseti nilizo nazo mimi, jina la mtunzi wa mahadhi halimo hata moja. Kuazima bila kutaja mwenye mali ni kosa, na kupenda wimbo hakukuondolei deni hilo. Tena wapo waliochagua njia nyingine kabisa. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, alizama katika mashairi ya kale ya kwao na makamu za Kiarabu, akatupa kazi ambazo hazihitaji kutetewa na yeyote. Wanaosema njia yake ndiyo safi nawaelewa. Nawakumbusha tu kwamba udi nao haukuota Shela.

Kwa hiyo tunahitaji vipimo, na mimi ninapendekeza vitatu. Kwanza, yasome maneno bila muziki. Kama ni shairi, yatasimama yenyewe. Pili, yaimbe, huku ukisikiliza mikazo. Kama maneno yamelazimishwa, utayasikia yakilia. Tatu, na hiki ndicho kigumu, uliza wimbo mpya unafanya nini na kumbukumbu ya wimbo wa zamani. Wasikilizaji wa kwanza waliiona filamu. Walijua kwamba mahadhi yale yaliimbwa na mpenzi aliyeachwa, mvua ikinyesha. Sasa mahadhi hayo hayo yanakuja harusini yakiwa na fumbo juu ya jirani asiyetunza siri. Anayejua filamu anasikia nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na kicheko chake kinatokana na pengo lililo baina yake. Katika madarasa ya fasihi tunalo neno zito la jambo hili, mwingilianomatini, na tunalifundisha kwa kutumia riwaya. Akina mama wa Mombasa walikuwa wakilifanyia kazi barazani bila neno lenyewe.

Kinachonisumbua zaidi ni upendeleo wetu. Huku Bara hatuna shida na kuazima tukiwa tumemwazima Mzungu. Mwomboko wa Wakikuyu, uliovuma miaka ya 1940, unachezwa kwa kodiani, na ndani yake mna hatua za dansi za Ulaya. Hakuna anayemwambia mzee wa mwomboko kwamba ameiga. Gitaa la Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers halikuchongwa kwa mti wa Ukambani, lakini jaribu kusema hapa Machakos kwamba benga yake si yetu. Gitaa tumelipa uraia. Tabla bado tunaiomba pasipoti. Nadhani sababu haiko katika muziki. Iko katika namna tulivyoishi na Wahindi wa madukani: tulinunua kwao sukari na blanketi, wakatuuzia, kila mmoja akarudi nyumbani kwake. Tukaamini kwamba hakuna kingine kilichovuka kaunta.

Lakini lugha ilivuka. Gari, pesa, laki, cheti, bangili na chapati ni maneno yaliyotufikia kutoka Uhindini. Kikamba kikachukua tena kutoka kwa Kiswahili, kikasema ngali na mbesa. Mama yangu alitumia mbesa maisha yake yote bila kuhisi ameongea lugha ya mtu. Tena angalia lilivyotendwa neno gari lilipofika: likaingizwa katika ngeli, likapewa wingi wa magari, na kila kivumishi kikalitii. Gari zuri, magari mazuri. Hakuna Mhindi anayesema hivyo. Mahadhi aliyoyachukua Juma Bhalo yalitendwa vivyo hivyo. Yaliingizwa katika sarufi ya mizani na vina, na baada ya hapo yakawa yanafuata amri ya Kiswahili.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu siku ile, si kwa mpangilio huu. Nilimwambia pia kwamba Béla Fleck wake, kabla ya albamu ile, alizunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akifuatilia asili ya banjo, kwa sababu chombo hicho kilibuniwa na Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo. Filamu ya safari hiyo, ya mwaka 2008, aliipa jina Throw Down Your Heart. Hiyo ni tafsiri ya Bagamoyo, kama wengi wanavyolifasiri jina hilo: bwaga moyo. "Kwa hiyo," nikamwambia, "Mmarekani akichukua banjo iliyotoka Afrika, akaichanganya na tabla, akakopa jina Bagamoyo, wewe unamwita mbunifu. Mswahili akichukua wimbo wa Bombay akautia ushairi wa Mvita, unamwita mwizi."

"Sasa Mjomba, ukisema hivyo unaniweka pabaya," akajibu. Akatoa simu, akatafuta wimbo wa filamu uliozaa ule wa kwenye kaseti. Haukuchukua muda kupatikana. Tukasikiliza wa Kihindi, kisha wa Kiswahili, kisha tena wa Kihindi. Mara ya tatu alianza kupiga meza ya plastiki kwa kiganja, akihesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu, hadi nane. Akarudia. Kisha akasimama.

"Hajaanza kwa moja," akasema. "Ameanza kwa mbili, ndiyo neno la mwisho liangukie moja. Hii kitu imepangwa."

Kisha akaniomba nimwandikie maneno yote. Beti nne zilituchukua hadi giza likaingia, kwa sababu palikuwa na maneno mawili ya Kimvita ambayo profesa mzima ilibidi ayatafute kwenye kamusi, na moja halikuwemo.

Kwa walimu wa fasihi wanaosoma safu hii, nina ombi dogo. Mnapofika kwenye nyimbo, msiishie kuziandika ubaoni. Chezeni wimbo wa filamu, chezeni wa taarabu uliouzaa, muwaache wanafunzi wahesabu. Simu moja yatosha.

Na kwa yule mwanafunzi wa Pwani, ambaye nadhani sasa ni mwalimu wa wengine, kama unasoma: nilikosea. Siwezi kukurudishia tasnifu uliyotaka kuiandika. Lakini pambizoni pale ilipasa niandike: "Mada nzuri. Nieleze zaidi kuhusu mdundo, maana mimi siujui."